Msosi wa Mhindi na wa Mchina: tunahukumu kwa ulimi au kwa mazoea?

#1 MlaVyote

Wakuu, habari za jioni.

Ubishi huu ulizuka ofisini wakati wa chakula cha mchana na umekataa kufa, nimeona niulete huku kwa wajuzi. Swali lenyewe jepesi: ukiwekewa sahani mbili, moja ya Kihindi na moja ya Kichina, unavuta ipi? Ofisi nzima ilivuta ya Kihindi, hadi wale ambao Kichina chao chote ni wali wa kukaanga wa kwenye harusi.

Mimi nimesoma Guangzhou, China, na baadaye nilikwenda Chennai, India, kumuuguza mzazi. Kote huko nilikula chakula cha watu wa kawaida, cha vibandani na cha kupika mwenyewe. Na ninachosema ni hiki: kwetu Mhindi anashinda kwa sababu anacheza uwanja wa nyumbani. Mchina tunamhukumu kama mgeni aliyefika jana.

Angalieni meza zetu. Chapati, sambusa, bajia, kachori, biriani, chachandu, achari, chauro, chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi. Bibi yangu wa Tanga hakuwahi kukanyaga India, lakini jikoni kwake kulikuwa na samli, binzari nyembamba na uwatu. Wagujarati na Wakachi wamekuja na majahazi kwa karne nyingi, wakafungua maduka hadi vijijini, wakakaa, wakazaliana hapa. Chakula chao kilipita dirishani kwa jirani, kikapita dukani, kikapita kwa mpishi wa Kiswahili aliyefanya kazi kwao na kurudi nyumbani na ujuzi.

Mchina je? Meli za Zheng He, amiri wa majini wa China, zilifika pwani yetu karne ya 15, na kutoka Malindi akapelekwa twiga kwa mfalme wao. Mapishi yao hayakubaki. Halafu ikaja reli ya TAZARA, 1970 hadi 1975. Wachina maelfu kwa maelfu, lakini walikaa kambini, walilima mboga zao, walipika wenyewe, kazi ilipoisha wengi wakarudi kwao. Kwa hiyo chakula chao tumekijulia kwenye mgahawa wenye taa nyekundu na bei ya kutisha, na mle ndani mpishi keshakuonea huruma, kakuwekea sukari na rangi ili usikimbie.

Sasa niwape vya kule kwenyewe. Guangzhou kuna kuku wanamwita kuku mweupe. Hakaangwi, haungwi, haoni hata punje ya bizari. Anazamishwa mzima kwenye maji yaliyo karibu kuchemka, moto mdogo, kisha anatumbukizwa kwenye maji ya baridi kali ili ngozi ikaze. Anakatwa na mifupa yake. Ukitazama katikati ya mfupa, uboho una wekundu. Mtanzania wa kawaida hapo anaita mhudumu amrudishe jikoni. Lakini chukua kipande, chovya kwenye kibakuli cha tangawizi iliyotwangwa na majani ya vitunguu yaliyomwagiwa mafuta ya moto na chumvi, kisha tafuna taratibu. Utakuta kuku ana ladha ya kuku. Sisi kuku wetu tunamjua kwa ladha ya nyanya, kitunguu na pilipili manga. Kuku mwenyewe yumo humo kwa nadra.

Samaki ndiyo usiseme. Wanamchagua akiwa hai kwenye tangi, dakika chache baadaye yuko kwenye mvuke, mzima na kichwa. Samaki wa nusu kilo hamalizi dakika kumi. Juu vipande vyembamba vya tangawizi, soya sosi kidogo, kisha mafuta yaliyopata moto yanamwagwa na yanalia chwaaa! Basi. Mtu aliyepika samaki hivyo hana mahali pa kuficha samaki aliyeanza kuharibika. Mchuzi mzito unaficha mengi sana, na hapa nawasema Wahindi na Waswahili kwa pamoja.

Upande wa India: Chennai iliniharibia kabisa dhana ya "chakula cha Kihindi". Nilikwenda nikitegemea naan na kuku wa siagi, vitu vya Kaskazini ambavyo ndivyo migahawa ya dunia nzima inauza. Kule Kusini asubuhi ni idli, vikeki vya mvuke vya mchele na nafaka ya jamii ya choroko iliyosagwa na kuachwa ichachuke usiku kucha, pamoja na sambar. Sambar ni mbaazi, ndugu zangu. Mbaazi hizi hizi, zimemenywa na kuchemshwa mpaka zikavurugika, zikatiwa ukwaju na maganda machanga ya mlonge. Sisi mlonge tunasaga majani tunauza kama dawa ya kila ugonjwa, wenzetu wanatafuna maganda na kutema nyuzi.

Kilichonishangaza zaidi ni mvuje. Huku mvuje unafungwa kwenye kitambaa anavishwa mtoto kufukuza mashetani, na kwa harufu ile hata mimi ningekimbia. Mama mmoja wa nyumba tuliyopanga alikuwa anatupia kipande kidogo kama kichwa cha kiberiti kwenye mafuta ya moto, pamoja na haradali na majani ya kari. Haradali zinaruka, ile harufu mbaya inageuka ghafla, inakuwa kama kitunguu swaumu kilichoiva vizuri. Yale mafuta yote yanamiminwa juu ya sufuria ya mbaazi, mfuniko unawekwa haraka. Ladha ya mbaazi zote imo kwenye kijiko kimoja cha mafuta.

Hukumu yangu basi. Kwenye nafaka za jamii ya maharage, Mhindi hana mpinzani duniani. Mtu anayeweza kuishi bila nyama maisha yake yote na asichoke, huyo anajua kupika. Mikate, chai, achari, vyote vyake. Ila mboga za majani anaziua. Anazipika mpaka zinasahau zilikuwa za kijani. Hapo Mchina anachukua kombe, pamoja na samaki, tambi na supu. Na kama mtaniambia nichague moja ya kula mpaka nife, nachagua ya Kichina, kwa sababu haichoshi tumbo. Haya, njooni na mawe.

#2 Kijana wa Tandika

Mkuu umeandika gazeti. Mchina hajui chumvi, hajui pilipili, na anakula kila kinachotembea. Mimi nachagua Mhindi, biriani ya Ijumaa, nimemaliza.

#3 Mwanafunzi wa Zamani

#2, hajui pilipili? Nenda majimbo ya Sichuan au Hunan kule China urudi na mdomo mzima. Nimekula Chengdu chungu cha mchuzi mwekundu katikati ya meza, unachovya vipande vya nyama vyembamba mwenyewe. Juu yake zimeelea pilipili kavu kama majani ya mwembe yaliyoanguka, na humo kuna pilipili ya Sichuan, ambayo haiwashi, inatia ganzi. Midomo inatetemeka, maji ukiyanywa yana ladha ya limao. Kwa Mhindi sijakutana na kitu kama hicho.

Na pilipili zenyewe si za Mhindi wala za Mchina. Zimetoka Amerika. Kabla ya 1492 Mhindi alikuwa anawasha kwa pilipili manga, Mchina kwa hiyo ya kutia ganzi. Mreno ndiye aliyezifikisha Goa karne ya 16, kisha kila mmoja akazifanya za ukoo wake.

Hilo la kila kinachotembea, nyumbani kwetu Bukoba senene zikishuka hakuna anayelala. Tuliache.

#4 Mwanakibokoni

Asalaam aleikum jamani. Mimi ni mtu wa Mombasa na nina neno moja na mleta uzi: biriani, bhajia na viazi karai usivihesabu kwa Mhindi tena. Viliingia kwa Mhindi, ndiyo, lakini vimeshachukua uraia.

Tizama biriani. Ile ya Hyderabad nyama inatiwa mbichi chini na viungo na maziwa ya mgando, wali nusu kuiva juu yake, chungu kinazibwa kwa unga, vinaiva pamoja. Sisi pwani wali mbali, masala mbali. Masala yetu yana kitunguu cha kukaanga kikavu, nyanya, na nyama imeshalainika, unapakuliwa wali kisha unamwagiwa juu. Mtu wa Hyderabad ukimpa hiyo atakwambia huu ni mchuzi na wali. Na kuku wa kupaka, nazi yote ile, utampata wapi Gujarat? Huyo kazaliwa huku huku kwetu, Wahindi wa pwani na Waswahili wamempika pamoja.

Kwa hiyo hoja yako ya uwanja wa nyumbani naiunga mkono lakini naigeuza: hatumpendi Mhindi, tunajipenda wenyewe.

Nikija kwa Mchina, kusema kweli sijavutiwa. Chakula kisicho na nazi wala ndimu wala samli mimi nakiona kama cha mgonjwa. Huyo kuku wako mwenye damu mfupani mbakie naye.

#5 MlaVyote

#4 ahsante sana, na hiyo ya kujipenda wenyewe nitaitumia kesho kazini bila kukutaja. Ila ndimu na nazi utavikuta kisiwa cha Hainan, kusini kabisa ya China, kuku anachovywa kwenye ndimu ndogo kali na pilipili mbichi. Ukifika huko utatulia.

#6 Mkulima wa Nachingwea

Nyie mnaongelea kula, sisi wa huku Lindi tunaongelea kuuza. Mbaazi tunalima kwa ajili ya chungu cha Mhindi. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoingia kutoka nje, bei huku ilianguka mpaka watu wakaacha mbaazi shambani zikauke kwenye miti. Msimu ule niliijua siasa ya Delhi kuliko ya wilayani kwangu.

Ufuta ndio unakwenda kwa Mchina. Bei ya ufuta kwenye mnada ikipanda tunajua China wananunua. Lakini sijawahi kumwona mtu akiula zaidi ya kashata. Wanaufanyia nini huo ufuta wote?

#7 MlaVyote

#6 mkuu, swali zuri kuliko yote humu. Wanaukaanga kwanza mpaka unakuwa kahawia na kunukia, halafu kuna njia mbili. Wa kukamua mafuta meusi meusi yenye harufu kali, hayo hayakaangii kitu, yanadondoshwa matone machache mwishoni chakula kikiwa kimeshaepuliwa. Na wa kusaga uji mzito, kama siagi ya karanga, unachanganywa na soya sosi, siki na kitunguu swaumu, wanamwagia juu ya tambi za baridi wakati wa joto. Kaskazini, Beijing na kwingineko, ndio wanauchovyea nyama za chungu cha moto. Kuna na uji mtamu wa ufuta mweusi, Guangzhou wanakula usiku kama sisi tunavyokunywa uji wa mchele.

Ukiwa na ufuta wako ndani, kaanga kikombe kimoja, twanga na chumvi kidogo, chovya muhogo wa kuchemsha. Hutarudi kwenye chachandu ya dukani.

#8 Afya Kwanza

Mnasifia tu, hamsemi kuhusu ajinomoto. Ule unga mweupe wa Wachina ni sumu, unaumiza kichwa na unaleta magonjwa. Ndiyo maana mimi nakula Kihindi, viungo vya asili.

#9 Mama Maabara

#8, nitakujibu kwa upole. Ule unga uligunduliwa na Mjapani, Kikunae Ikeda, mwaka 1908, akitafuta kwa nini supu ya mwani wa kwao ni tamu hivyo. Kiini chake ni glutamate, na hiyo imo kwenye nyanya mbivu, uyoga na jibini. Hofu ilianza na barua ya daktari mmoja kwenye jarida la kitabibu la Marekani mwaka 1968, akisema anajisikia vibaya akila migahawa ya Kichina na kubahatisha sababu kadhaa. Watu wakaishika sababu moja hiyo. Majaribio ya baadaye, ambapo watu hawakuambiwa wamepewa nini, hayakuonesha madhara ya kueleweka kwa kiasi cha kawaida cha chakula. Vile vidonge vya supu unavyotumbukiza kwenye maharage, soma kwenye karatasi yake. Vingi vinayo.

Cha kuogopa kwenye Kichina ni chumvi ya soya sosi, hasa mwenye presha. Na kwenye Kihindi cha mgahawani ni mafuta. Ukiona mchuzi una ziwa jekundu juu, jua.

Na jambo jingine, kuna watu giligilani mbichi wanaionja kama sabuni. Hawadeki, ni maumbile, kuna jini la kunusa linalohusika. Mume wangu yuko hivyo. Kwake Mhindi na Mchina wote wameanguka, maana wote wanaimwaga juu ya chakula mwishoni.

#10 Kijana wa Tandika

Mama Maabara umeniondoa hofu ya supu lakini umenitia hofu ya mchuzi. Jini la kunusa??

#11 Mama Maabara

Jini la kwenye seli, mwanangu. La mvuje lipo post namba moja.

#12 Mpita Njia wa Upanga

Nimesoma kimya muda wote, lakini kuna kitu hamjakigusa. Vingi mnavyokula Dar na Nairobi mkaviita Kichina ni vya Wahindi. Nazungumza kama Mhindi wa hapa hapa, mzaliwa.

Mwisho wa karne ya 18 Wachina walianza kuhamia Kolkata, baadaye wengi wao Wahakka, jamii ya kusini mwa China, wakawa na viwanda vya ngozi mtaa wa Tangra. Wakafungua migahawa. Wateja wao Wahindi, wanataka kitunguu, tangawizi, pilipili mbichi na mchuzi wa kuzolea wali. Wakawapa. Kuku wa Manchurian, ambaye familia yangu inamwagiza kila sikukuu ya kuzaliwa, Manchuria yenyewe, kaskazini-mashariki ya China, hawamjui. Anatajwa kuwa kazi ya Nelson Wang, Mchina mzaliwa wa Kolkata, aliyempika Bombay mwaka 1975 kwenye klabu ya kriketi. Alichukua kitunguu swaumu, tangawizi na pilipili mbichi, mwanzo wa kila mchuzi wa Kihindi, halafu badala ya garam masala akatia soya sosi na wanga wa mahindi. Kuna na ya koliflawa kwa wasiokula nyama.

Fungua menyu ya mgahawa wa Kichina wa mjini uangalie. Ukikuta Manchurian na paneer (jibini ya Kihindi) ya pilipili, basi mpishi amewalenga kina sisi. Kwa hiyo #2 akisema Mchina hajui chumvi, huenda kweli hajawahi kumwonja Mchina.

Kuhusu mleta uzi kusema tunaziua mboga: nyumbani kwa mama yangu hatuziui. Mama ni Mgujarati, bamia anaikata vipande vyembamba, anaikausha kwa kitambaa, anaikaanga na haradali, inabaki inakatika mdomoni. Umekula Kihindi cha nyumba ya wageni na cha mgahawani, ambako mchuzi mmoja wa kitunguu na nyanya unapikwa asubuhi kwenye sufuria kubwa, na mchana kutwa unatiwa kuku ukawa jina hili, ukatiwa paneer ukawa jina jingine.

#13 MlaVyote

#12 kwa bamia hiyo naomba mwaliko. Kwa mchicha na spinachi bado nashikilia msimamo, mpaka niletewe sahani.

Hilo la mchuzi mmoja wenye majina kumi umenisemea. Ndiyo maana mtu anakula mgahawa wa Kihindi mara nne na kuondoka akidhani kala vinne.

#14 Mwanafunzi wa Zamani

Kwa wenye imani kama yangu wanaoogopa nyama za China: tafuteni vibanda vya tambi za Lanzhou, vya Waislamu wa Kihui na majirani zao wa kaskazini-magharibi, karibu kila mji vipo, na enzi zangu kibao kilikuwa na maandishi ya Kiarabu. Kijana anavuta donge la unga kwa mikono, analikunja, anavuta tena, mpaka linakuwa nyuzi, mbele yako. Supu ya ng'ombe angavu, figili, mafuta ya pilipili. Na jioni mtaa wa Xiaobei pale Guangzhou nilikuwa nawakuta Wauyghur, Waislamu wa Xinjiang, wanachoma mishkaki ya kondoo, wamenyunyizia pilipili na binzari nyembamba. Mara ya kwanza nilisimama nikadhani nimesikia harufu ya Forodhani.

#15 Mwanakibokoni

Mishkaki na binzari? Hapo sasa mumezungumza lugha yangu. Mchina huyo namkubali.

#16 Bi Mkubwa wa Genge

Nauza mboga Mabibo. Chainizi kila siku natoa mafungu, na wateja wote nikiwauliza wanapika vipi, ni nyanya, kitunguu, nazi au karanga, nusu saa motoni. MlaVyote, huyo Mchina mwenyewe anaipikaje? Nataka niwafundishe wateja niuze zaidi.

#17 MlaVyote

Shikamoo Bi Mkubwa. Tena hiyo ndiyo rahisi.

Chainizi ichanganue jani moja moja, osha, kisha ikaushe kabisa, utikise au uifute. Maji yakibaki itachemka badala ya kukaangika. Tenga mashina na majani. Karai tupu liweke motoni mpaka lianze kutoa moshi, ndipo utie mafuta vijiko viwili, na papo hapo kitunguu swaumu kilichopondwa na tangawizi. Hesabu mpaka tano tu, kisiungue. Tupa mashina kwanza, koroga kwa nguvu bila kupumzika, nusu dakika. Tupa majani, chumvi, koroga tena, nusu dakika nyingine. Yakianza tu kulegea, epua, hata kama macho yanakwambia bado. Yataendelea kuiva kwenye sahani. Soya sosi ukitaka, kijiko cha chai, pembeni mwa karai mwishoni. Hakuna nyanya. Hakuna nazi. Usifunike.

Kosa la watu wengi ni kujaza. Pika fungu moja, toa, pika jingine.

#18 Bi Mkubwa wa Genge

Marahaba. Na sisi tusio na gesi, jiko la mkaa litafaa?

#19 MlaVyote

Linafaa sana, ila mkaa uwe umeshika wote na ulipepee wakati wa kupika. Karai liwe lile jembamba la chuma la kukaangia mihogo. Sufuria la alminiamu usijaribu, moto huo litapinda.

#20 Kijana wa Tandika

Bi Mkubwa, niwekee mafungu mawili kesho. Nikishindwa narudi kwenye biriani.